Mnusaji Mkuu wa Jamhuri

Kulikuwa na nchi, nayo msiniulize iko wapi, maana ramani yake ilifichwa na serikali yenyewe baada ya mkubwa mmoja kugundua kwamba mto mkuu wa nchi umepinda vibaya, kama kiuno cha mwanamke aliye ngomani. Iliitwa Jamhuri Tukufu ya Sitara, na mji wake mkuu Adabuni. Wananchi wake walikuwa watu wazuri, wanasali sana na wanazaa sana, na kwa karne nyingi hakuna aliyewahi kuona kwamba mambo hayo mawili yanagombana.

Usafi wa roho zao ulisimamiwa na Wizara ya Utakatifu na Mifereji. Zamani zilikuwa wizara mbili, lakini wakati wa kubana matumizi zikaunganishwa, ikaelezwa bungeni kwamba kazi yao ni moja, yaani kuondoa uchafu. Waziri alikuwa Mheshimiwa Mlekwa, mwembamba wa mwili na mnene wa sauti, ambaye hakuna raia aliyewahi kumwona akicheka.

Mambo yaliharibika Alhamisi moja katika Nyumba Kuu ya Sala. Waziri alikuwa safu ya mbele, macho kayafumba, kamera zimemwelekea. Mhudumu akapita na chetezo, udi unafuka. Waziri akavuta pumzi, akatabasamu. Wala halikuwa tabasamu la mheshimiwa anayefungua daraja. Lilikuwa la mtu aliyekumbuka kitu, tena kitu kizuri, tena cha nyumbani kwake. Kesho yake picha ikatoka ukurasa wa kwanza wa gazeti. Mkewe akaikata, akaibandika jikoni.

"Nimehujumiwa!" Waziri akafoka ofisini. "Niko mbele ya Mungu, halafu nanusa chumba changu!"

Hapo ikaundwa Tume ya Kitaifa ya Kuchunguza Uhusiano wa Sala na Kitanda Tangu Mwanzo wa Dunia. Mwenyekiti wake alikuwa Dokta Nandonde, msomi mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kutazamwa. Dokta alifukua maandiko ya kale mpaka vumbi likamtia kikohozi, akarudi kwa Waziri uso umempauka.

"Mheshimiwa, hali ni mbaya kuliko tulivyodhani. Watu wa kale kabisa walimtandikia mungu wao kitanda hekaluni, na mfalme akafunga ndoa kila msimu ili mashamba yazae. Wakaja watawa wakakimbilia jangwani kuwaepuka wanawake, wakakaa huko umri wao wote wakiandika habari za wanawake. Wako mabikira waliovaa pete ya arusi ya Mungu. Wako washairi wacha Mungu, watu wa kukesha katika sala, wanamwita Muumba 'mpenzi', na wanamlalamikia kwamba amechelewa kuja."

"Kuja wapi?"

"Hawasemi, Mheshimiwa. Ila wamefukiza udi na mlango wameuacha wazi."

Waziri akashika kichwa. "Yaani maelfu ya miaka watu wanachanganya mambo! Serikali zilizopita zilikuwa wapi?"

Sheria ya Kutenganisha ikapitishwa kabla ya chakula cha mchana. Kuanzia siku hiyo udi ukawa wa aina mbili: udi wa ibada, huo ruhusa, na udi wa chumbani, huo marufuku mpaka utaratibu utakapotangazwa. Ikabaki shida ndogo tu, kwamba ulikuwa udi ule ule. Ule uliofukizwa penye sala ndio uliofukizwa shuka za bibi arusi, kaa lile lile, chetezo kile kile, wakati mwingine mkono ule ule. Wizara ikaona dawa ni moja tu: apatikane mtu wa kunusa.

*

Pua pekee iliyokuwa ikitambulika serikalini ilikuwa ya Bwana Shaweji, mkaguzi wa mifereji. Huyu bwana alikuwa na uwezo wa kusimama barabara kuu akakwambia mfereji ulioziba uko mtaa gani, na wenye nyumba walikula nini juzi. Asubuhi moja alitolewa kwenye shimo akiwa na mabuti ya mpira, akaoshwa, akapelekwa mbele ya Waziri.

"Pua yako," Waziri akamwambia kwa sauti ya kutangazia vita, "tangu leo ni mali ya umma."

Wakampa sare ya kaki yenye vifungo vya dhahabu, filimbi, gari la bendera na cheo cha Mnusaji Mkuu wa Jamhuri. Akakatazwa kula kitunguu siku za kazi. Akakatazwa kuugua mafua bila kibali cha Katibu Mkuu. Shaweji, ambaye miaka yote hiyo alikuwa akipanda basi la abiria watu wakikaa mbali naye, alijitazama kwenye kioo cha gari akaona kweli Mungu si Athumani. Hata hakusikiliza vizuri kazi yenyewe ni ipi.

Kazi yenyewe alikuja kuielewa dirishani kwa watu. Akavuta pumzi nyumba ya kwanza: udi. Akavuta nyumba ya pili: udi. Ya tatu, udi na samaki. Pua ambayo haikuwahi kumwangusha hata penye mfereji wa machinjioni, hapa haikumwambia kitu. Na dereva wake, kijana mmoja wa kuitwa Chande, alikuwa amesimama nyuma yake na gunia la kukusanyia vyetezo, anangoja hukumu.

Basi Shaweji akafanya wanavyofanya wakubwa wote: akakisia. Akiona bibi kizee, udi wa ibada. Akisikia kicheko ndani, udi wa chumbani, lete gunia. Akikuta mtu kanuna, anampigia saluti na kumpongeza kwa uchaji wake. Haikuchukua muda mji mzima ukajua siri hiyo, watu wakawa wananuna tangu wanapolisikia gari la bendera kwenye kona.

*

Waliokamatwa walipelekwa Semina ya Kutenganisha. Huko Dokta Nandonde aliwafundisha kusali bila kuona raha na kupendana bila kuona baraka. Waume walikalishwa upande mmoja, wake upande mwingine, katikati imevutwa kamba.

"Jambo la msingi," Dokta akawaeleza, "ni marufuku kabisa kumtaja Mungu chumbani."

Bibi mmoja wa nyuma, Bi Kidawa, mjane wa waume watatu, akanyoosha mkono. "Dokta, baba yangu, hata kwa kushukuru?"

"Hata kwa kushukuru."

"Na yakikutoka tu mdomoni, hukukusudia?"

Ukumbi ukaangua kicheko mpaka kamba ikakatika. Dokta akavaa miwani yake ya kutazamwa, akatangaza mapumziko ya chai.

Kwaya nazo hazikusalimika. Wizara ilipitia nyimbo za sifa ikaondoa maneno yote yenye utata: "njoo", "moyo", "nikumbatie", "nina kiu", "usiniache", "mikononi mwako". Kwaya Kuu ya Adabuni ikabaki na "na", "kwa" na "amina", ikawa inaimba hayo kwa sauti nne, watu wanasinzia wamekaa wima.

*

Sasa huyu Shaweji alikuwa na mke, Bi Siwema, mama wa binti yao Tausi aliyekwisha kuolewa. Siwema alikuwa mpishi wa udi. Aliupika mwenyewe, kwa sukari, sandali, marashi ya waridi na miski kidogo, na kila Alhamisi alasiri, tangu wiki ya arusi yao, alikuwa na desturi yake. Anaoga. Anawasha chetezo alichoachiwa na mama yake. Anakaa kwenye mkeka anasali, tena anasali kwelikweli. Kisha anazungusha moshi nyumba nzima, anajifukiza nywele na kanga, halafu anamwita mumewe. Na Shaweji, hata atoke mfereji gani, alikuwa hakosi Alhamisi.

Alhamisi ya kwanza ya cheo, gari likapita mtaani kwake. Shaweji hakukusudia kusimama. Ni Chande aliyesema, "Bosi, ile nyumba ya bluu inatoa moshi," asijue nyumba ya bluu ni ya nani.

Siwema alikuwa mkekani, kichwa kakiinamisha, midomo inacheza. Kusikia viatu akainua uso, akamwona mumewe kang'ara kwa vifungo, naye akafurahi, furaha isiyo na kificho.

"Baba Tausi! Leo umewahi."

Shaweji akashika vifungo vya koti lake. Nyuma yake gunia lilikuwa linachakarika. "Mama Tausi," akasema, "udi huu ni wa ibada au wa chumbani?"

Siwema akacheka. "We mwanamume una vituko! Kwani leo si Alhamisi? Ni wa Alhamisi."

"Ni swali la serikali, Mama Tausi."

Kicheko kikakatika. Siwema akamtazama Chande, akalitazama gunia, akavitazama vile vifungo. "Unaniuliza kweli?"

Hapo angeweza kusema ni wa ibada, mambo yakaisha. Chande angefunga gunia, wangekwenda nyumba ya pili. Lakini Shaweji akawaza: Mnusaji Mkuu akipendelea nyumba yake, gazeti litasemaje? Na gari la bendera je?

"Wa chumbani," akasema. "Maana umefurahi."

Siwema akainuka mkekani. Alikiweka chetezo guniani kwa mkono wake mwenyewe, na kopo la udi akalitia humo humo. Kisha akaukunja mkeka wake, akausimamisha nyuma ya mlango.

*

Tangu siku hiyo Siwema akahamia chumba cha Tausi. Shaweji alimsemesha kwa upole, akamsemesha kwa ukali, akarudi kwenye upole.

"Sheria, mume wangu," Siwema akamjibu. "Wewe mkuu wa sheria, mimi nani niivunje?"

"Haya, basi mbona hata kusali husali? Sala haijakatazwa."

"Najaribu. Nakaa pale, naona nimekaa sakafuni tu, kama mtu anayengoja kupakuliwa chakula." Akapangusa macho kwa upindo wa kanga. "Somo yangu aliyenifunda hakunifunza mambo mawili, Baba Tausi. Alinifunza nioge, nijifukize, nimshukuru Mungu kwa mwili alionipa na mtu aliyenipa, kisha nikuite bado nina shukrani zangu. Nyinyi mmekata katikati. Sasa sijui nishike ncha ipi."

Shaweji alitaka kumshika mkono, lakini alikuwa na sare.

"Siku ya Sala ya Taifa nitakwenda na wewe uwanjani, watu wasikucheke," Siwema akaendelea. "Kesho yake nakwenda kwa kaka yangu, Bondeni. Usiniulize narudi lini."

Jamani, huyu bwana aliumia. Usiku hakulala na mchana hakula, na sharti la kutokula kitunguu halikuwa na maana tena, kwa kuwa kila kitu kilikuwa kikavu mdomoni. Akawa anapita mitaani na gari lake la bendera, anakusanya vyetezo vya watu, na kila nyumba aliyotoka aliiacha kimya kama yake.

*

Hiyo Siku ya Sala ya Taifa iliitishwa kwa sababu sala za nchi zilikuwa zimekwama. Watu walihudhuria, maana ilikuwa amri, lakini walipiga miayo. Wakunga walikaa vibarazani wakicheza bao. Wapiga ngoma za arusi walianza kufuga kuku. Mheshimiwa Mlekwa akalihutubia taifa akasema hali hiyo ni dalili ya mafanikio, kwamba nchi sasa ni safi mpaka imepauka, na kinachotakiwa ni sala moja kubwa ya kuitia taifa ari mpya.

Kwa siku hiyo Wizara ilitengeneza Udi wa Serikali, uliopikwa na kamati kwa maganda ya muhogo na chokaa, usionuka kitu chochote. Magunia yakahifadhiwa ghala la Wizara. Ila msisahau, Wizara hiyo ilikuwa pia ya Mifereji, na tangu mkaguzi wake wa mifereji apandishwe cheo hakuna aliyeitazama mifereji. Asubuhi ya sherehe mfereji mkubwa ukapasuka ghalani. Udi wa Serikali ukageuka uji.

Uwanjani watu wamejaa, Waziri kakaa jukwaani, moshi hakuna. Wasaidizi wakakimbia huku na huku kama siafu waliomwagiwa maji. Mmoja akapata akili: ghala la pili, lile la vitu vilivyokamatwa, lilikuwa kavu, na humo mlikuwa na vyetezo vya mji mzima, na kila kimoja na udi wake. Wakavipakia kwenye lori, wakavipanga mbele ya jukwaa, wakatia makaa, wakawasha vyote kwa pamoja.

Moshi ukapanda, ukatua juu ya watu. Mwanamke mmoja katika safu za katikati akashika kifua. "Hicho changu! Kile chenye ukingo uliomeguka, changu kile!" Mwingine akasema, "Nasikia asumini ya kwetu." Bi Kidawa alikuwa amefumba macho, anataja majina ya waume zake watatu, mmoja baada ya mwingine, na baada ya kila jina anasema "Ewe Mola, asante." Mwanamume mnene, fundi wa magari, akaanza kulia kwa sauti. Kwaya ikasahau iliyofundishwa, ikaimba "njoo", ikaimba "usiniache", ikaimba "mikononi mwako", na uwanja mzima ukaitikia. Haikuwahi kusikika sala kama ile. Waume walivuka kutafuta wake zao, walipowapata hawakuwafanya lolote, waliwashika mikono tu wakaendelea kusali.

Jukwaani, Mheshimiwa Mlekwa alivuta pumzi. Akatabasamu. Kamera zikawaka. Akashtuka, akanyakua kipaza sauti.

"Mnusaji Mkuu! Uko wapi? Njoo hapa! Liambie taifa, udi huu ni wa ibada au wa chumbani?"

Shaweji akapanda jukwaani. Akisema wa chumbani, Waziri kaigeuza Sala ya Taifa kuwa kitanda, na vyetezo vyote vitavunjwa, na cha Siwema kimo. Akisema wa ibada, basi na huo wa nyumba ya bluu ulikuwa wa ibada, na yeye alimnyang'anya mkewe katikati ya sala. Akautafuta uso wa Siwema katika safu za wanawake. Akauona. Ulikuwa umelowa machozi, na midomo ilikuwa inacheza. Alikuwa anasali.

"Mheshimiwa," Shaweji akasema, na kipaza sauti kikampelekea maneno mpaka mwisho wa uwanja, "sijui."

"Hujui nini?"

"Sijui tofauti. Sijawahi kuijua. Tangu siku ya kwanza nakisia tu. Aliyenuna nilimwacha, aliyecheka nilimkamata." Akamgeukia Waziri. "Nilimkamata mke wangu, Mheshimiwa. Nilimkuta anasali, akaniona, akafurahi. Nikasema udi wake si wa Mungu kwa sababu alifurahi kuniona. Nilikuwa mpumbavu. Na Mheshimiwa, samahani, lakini hata wewe umetabasamu. Mara mbili."

Watu wakapiga makofi mpaka njiwa wakaruka mapaani. Waziri akageuka rangi, akaita askari. "Mvueni sare! Mvueni hapa hapa!" Wakamvua vifungo vya dhahabu, wakamvua filimbi na koti na suruali ya kaki, akabaki na fulana yenye tundu na bukta ya kitambaa cha maua aliyoshonewa na Siwema. Na hapo hapo Waziri, ambaye hakufika cheo hicho kwa ujinga, akatazama umati unavyoshangilia, akasafisha koo.

"Wananchi! Kama serikali yenu ilivyokuwa ikisema siku zote, mapenzi na sala ni kitu kimoja! Ninatangaza kuundwa kwa Wizara ya Utakatifu, Unyumba na Mifereji!"

Makofi tena. Dokta Nandonde akaandika kwamba wazo hilo lilikuwa lake.

Lakini wanawake hawakungoja hotuba iishe. Walikuwa wameshasogea mbele ya jukwaa, kila mmoja anachukua chake. Siwema naye akakiona cha mama yake, akakiinua kwa upindo wa kanga, maana kilikuwa bado cha moto. Akapita mbele ya mumewe aliyesimama na bukta yake ya maua.

"Twende nyumbani," akasema. "Watu wanakutazama."

Wakatembea kwa miguu, yeye mbele na chetezo, Shaweji nyuma. Jua lilikuwa bado juu.

"Bado nimekasirika," Siwema akasema mlangoni.

"Najua."

"Tena sana."

"Una haki, Mama Tausi."

Siwema akaoga. Akachukua mkeka nyuma ya mlango, akautandika, akatia kipande cha udi makaani. Shaweji alikaa kwenye ncha ya kitanda, mikono kaiweka magotini kama mtoto aliyeletwa kwa mwalimu. Aliitazama shingo ya mkewe, na mabega yake yanavyopanda na kushuka, na moshi unavyompitia nywele. Kitu kikamjaa kifuani ambacho hakukijua jina, wala hakutaka kukijua. Kisha bila kupenda akavuta pumzi kwa sauti.

"Baba Tausi," Siwema akasema bila kugeuka, "mbona unanitazama hivyo? Nasali."

"Na mimi nasali, mke wangu."

Mabega ya Siwema yakaanza kutikisika, na Shaweji akaogopa kwamba analia, mpaka aliposikia ni kicheko.

"Basi sogea huku," Siwema akasema. "Mkeka unatosha wawili."